Farasi mzee wa kuruka akaguliwe akiwa bado baridi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotafuta farasi wa kuruka viunzi huku Usa River na Kisongo. Wengi wanataka farasi wa miaka 15 hadi 18, kwa kuwa amekwisha kufundishwa, hamtupi mtoto ovyo, na bei yake inafikika. Hilo halina ubaya. Ubaya upo kwenye ukaguzi: mnunuzi anafika saa nne, anamkuta farasi ameshatandikwa na jasho linamtoka, anaonyeshwa viunzi vitatu, fedha zinahesabiwa.

Farasi mwenye baridi yabisi huchechemea akitoka bandani, kisha viungo vikipata moto anakwenda safi kabisa. Mwambie muuzaji asimpande asubuhi hiyo, nawe uwahi umkute bandani. Mguse mgongoni na pale mkanda wa tandiko unapopita. Manyoya yakiwa na unyevu, panga siku nyingine.

Anza na miguu kabla ya mwendo. Pitisha kiganja nyuma ya mguu wa mbele, kutoka chini ya goti hadi kifundoni, kisha mguu wa pili, ukitafuta joto au unene usiolingana. Halafu uinue mguu ili kano zilegee, uzibonyeze kwa kidole gumba kidogo kidogo. Akivuta mguu kila ukigusa palepale, pana jambo. Kano iliyochanika hupona kwa kovu, na kovu halinyumbuki kama kano yenyewe. Ndiyo maana huchanika tena siku anapotua vibaya baada ya kiunzi.

Kwato nazo zina kumbukumbu. Ukuta wa ukwato huchukua miezi 9 hadi 12 kukua kutoka juu hadi ncha, hivyo unachokiona ni habari za karibu mwaka mzima. Mistari iliyotanuka kisiginoni kuliko mbele huashiria kwamba aliwahi kuvimba ndani ya kwato. Ukwato mmoja mwembamba kuliko mwenzake mara nyingi ni wa mguu anaoukwepa.

Sasa mwendo. Saisi, yaani mtunza farasi, amkimbize taratibu kwa kamba iliyolegea, asimbane kichwa, kwa mwendo ule wazee wa pwani waliouita matiti (vijana wasicheke). Hapo miguu hukanyaga miwili miwili kwa mshazari, kasoro haina pa kujificha. Kichwa kikiinuka mguu fulani wa mbele unapokanyaga, huo ndio unaouma. Kwa miguu ya nyuma tazama nyonga ipi inapanda na kushuka zaidi ya mwenzake. Mzungushe pande zote mbili kwenye moramu ngumu, kisha kwenye mchanga: pagumu hufichua kwato na mifupa, palaini hufichua kano. Masika uwanja ukiwa tope tupu, mpeleke barabarani.

Kipimo cha kukunja kiungo kwa sekunde 60 kisha kumkimbiza ni kizuri, lakini kinaharibiwa kirahisi. Akunje mtu yuleyule kwa nguvu ileile miguu yote, na hatua mbili tatu za mwanzo zisihesabiwe. Farasi wa umri huu karibu wote watachechemea kidogo. Cha kutia shaka ni tofauti kubwa ya kulia na kushoto, au kuchechemea kusikokwisha.

Vivyo hivyo eksirei. Kutafuta picha safi kwa farasi wa miaka 17 ni kupoteza fedha. Vile viungo vidogo vya chini kwenye kiwiko cha mguu wa nyuma wakati mwingine hujiunga vyenyewe na maumivu yakaisha. Mwambie daktari wa mifugo kazi unayomtakia: mtoto wa kuruka sentimita 70 si sawa na mashindano ya mita 1.10.

Daktari awe wako, si wa muuzaji, na achukue damu siku hiyohiyo. Dawa ya maumivu iitwayo fenilibutazoni humfanya farasi mbovu aonekane mzima, na damu iliyohifadhiwa inaweza kupimwa baadaye akibadilika. Uliza pia, kwa maandishi, lini alichomwa sindano ya kiungo mara ya mwisho. Ikiwa ni wiki chache zilizopita, mwendo unaouona ni wa sindano. Subiri iishe nguvu, hata kama ni miezi kadhaa, ndipo urudi kumtazama upya.

Mdau wa farasi,
Usa River, Arusha