Piano ya X-27: kwa nini hatufuti kelele zote kwenye filamu ya 1931

Ombi tunalolipata zaidi kwa wanaotuletea mikanda ya filamu za mwanzo wa sauti ni hili: "Ondoeni kelele yote, isikike kama filamu ya leo." Tunalielewa. Mkanda wa zama hizo unachakacha kama samaki aliyetumbukizwa kwenye mafuta moto. Hata hivyo hatuifuti kelele yote, na sababu inaonekana vizuri zaidi kwenye filamu za kijasusi za wakati ule, ambazo mara nyingi siri yenyewe imefichwa ndani ya sauti.

Chukua Dishonored, iliyoongozwa na Josef von Sternberg na kutolewa na Paramount mwaka 1931. Ni Vienna, 1915, vita vimepamba moto. Marlene Dietrich ni mjane wa afisa wa jeshi anayeajiriwa kuwa jasusi wa Austria na kupewa jina X-27. Siri anazoziiba kwa Warusi haziandiki kwa maneno. Anazigeuza kuwa noti za piano. Anaponaswa, afisa wa Kirusi Kranau, anayeigizwa na Victor McLaglen, anaketi kwenye piano, anaipiga karatasi ile, kisha anaichoma. Amechelewa. Muziki ule umeshakaa kichwani mwa X-27. Fundi akiiharibu piano hapo, amewaharibia watazamaji hadithi yenyewe.

Piano ndiyo kipimo kikali kuliko vyote vya mkanda. Sauti ya mtu hupanda na kushuka yenyewe, kwa hiyo mkanda ukiyumba kidogo sikio linasamehe. Noti ya piano ikishagongwa hukaa palepale na kufifia taratibu. Mwendo wa mkanda ukiyumba hata nusu asilimia, mazungumzo yatapita salama lakini piano italia kama imetoka majini.

Kuyumba huko mara nyingi huanza kwenye mkanda uliosinyaa. Nakala nyingi zilizobaki mikononi mwa watu na vilabu ni za milimita 16, na hizo unaweza kuzipima mwenyewe. Laza mkanda mezani bila kuuvuta na uhesabu fremu 100. Mkanda mzima utakupa milimita 762. Ukipata 754, umesinyaa kwa asilimia 1, na projekta ya kawaida haifai tena: meno ya gurudumu hayalingani na matundu, kila jino linavuta kwa kishindo, na matundu yanaanza kuchanika. Mikanda ya namna hiyo tunaipitisha kwenye skana isiyo na meno, inayouvuta kwa rola laini tu, kisha mwendo tunausawazisha kwenye kompyuta kwa kufuata piano hiyohiyo.

Kuna kelele nyingine ambazo wengi hudhani ni uzee wa mkanda kumbe ni kosa la mashine. Ukisikia mvumo mzito wa hezi 96 kwenye mkanda wa milimita 35, jicho la sauti, yaani kifaa cha mashine kinachosoma sauti kwa mwanga, limehama na linasoma matundu ya pembeni: matundu 4 kwa fremu, fremu 24 kwa sekunde. Mvumo wa hezi 24 unamaanisha linasoma mistari inayotenganisha picha. Hapo kinachohitajika ni bisibisi na mkono mtulivu. Programu itafunika mvumo na kuondoka na sehemu ya chini ya piano.

Sasa itazame njia ya sauti yenyewe, ule ukanda mwembamba kando ya picha. Paramount walirekodi kwa mfumo wa Western Electric, ambao huandika sauti kwa wingi wa weusi: vimistari vya kijivu vilivyopangana kama vipago vya ngazi, vingine vyeusi zaidi, vingine vyepesi. Mfumo wa RCA huandika kwa upana, ukionekana kama safu ya milima yenye upande mweusi na upande mweupe. Tofauti hii ni kubwa kwa kazi yetu. Programu nyingi za kusafisha njia ya sauti zimetengenezwa kwa ajili ya milima: zinaamua kila nukta iwe nyeusi au nyeupe. Zikitumika kwenye vimistari vya kijivu zinaua kijivu chote, na kijivu ndicho sauti. Matokeo ni Dietrich anayekwaruza kama redio isiyoshika masafa vizuri. Ukipeleka mkanda wako kwa fundi yeyote, muulize kwanza njia ya sauti ni ya aina gani. Asipoweza kukujibu baada ya kuitazama kwa lenzi, rudi nao nyumbani.

Kelele iliyobaki baada ya hapo tunaipunguza kwa desibeli 6 hadi 8, basi. Tukifika 20, mkia wa kila noti unakatika, kwa sababu programu haiwezi kuutofautisha na mchakacho. Filamu za 1931 pia zina ukimya mwingi. Hazikujazwa muziki chini ya mazungumzo kama zilizofuata. Mwishoni X-27 anasimama mbele ya bunduki, afisa kijana anakataa kutoa amri ya kufyatua, na X-27 anajipaka rangi ya midomo. Ukifuta mchakacho wote hapo, kati ya neno na neno panabaki shimo, na mtazamaji anadhani spika imezimika. Mchakacho mwepesi unaobaki ndio hewa ya ule uwanja.

Viungo, yaani mahali mkanda ulipokatwa na kuunganishwa, vina mtego wao. Kwenye milimita 16, sauti inatangulia picha yake kwa fremu 26, yaani zaidi kidogo ya sekunde 1. Mtu akikata fremu 10 zilizochanika na kuunganisha, picha itaruka hapo na sauti itaruka mahali pengine. Kwa hiyo tafadhali usikate chochote kabla ya kutuletea. Kipande kilichochanika kiweke kwenye bahasha ya karatasi na uandike kilikotoka.

Kuhusu picha: kabla ya kipimo cha fremu cha 1932, njia ya sauti ilikula upande mmoja wa fremu, na picha ikabaki karibu mraba, upana 1.19 kwa kimo 1. Hatuitanui ijaze skrini ya televisheni. Ukiitanua kwa kukata juu na chini, kofia na vipaji vya nyuso vinaondoka.

Kabla ya kusafirisha, fungua kopo na unuse. Harufu ya siki ina maana mkanda umeanza kuoza; utenge na mingine, uletwe mapema. Mkanda wa milimita 35 usio na neno SAFETY ukingoni usiutume wala usiuweke kwenye gari lililoegeshwa juani. Huenda ni wa naitreti, aina ya mkanda unaoshika moto upesi, uliotumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ukishika moto unajitengenezea oksijeni yake, na maji hayauzimi. Tupigie, tutakuelekeza.

Njoo pia na diski ya kutosha. Filamu ya dakika 91 ina fremu 131,040, na kwa skani ya 2K (picha yenye upana wa nukta 2,000 hivi) isiyobanwa kila fremu ni karibu megabaiti 12.7. Hiyo ni terabaiti 1.7 hivi, kabla ya nakala ya akiba. Utapata pia faili dogo la kutazama.

Haki za kuonyesha ni jambo jingine. Filamu za Paramount za miaka hiyo, Dishonored ikiwemo, ziko mikononi mwa Universal, na kwa sheria ya Marekani ulinzi wa filamu ya 1931 unakwisha mwanzoni mwa 2027. Nchi nyingine zina hesabu zake. Kumiliki mkanda hakukupi ruhusa ya kuuonyesha hadharani. Kwa kazi za aina hii tunaomba barua ya mwenye haki kabla ya kuwasha skana.