Barua kwa mwanangu: straika wa Thailand alorudishwa toka Ulaya

Baba angu,

Nakuandikia kwenye simu na we upo chumba cha pili hapo, najua utaona ajabu, ila kila nikija mlangoni kwako maneno yananikauka, na hili jambo ni refu siwezi kulisema nimesimama na ungo mkononi.

Wiki ya tatu sasa toka wakurudishe huko Ulaya. Begi hujafungua. Njumu umeziacha kwenye mfuko nyuma ya mlango wa jikoni, majuzi nimezitoa nikakuta majani ya uwanja wa huko bado yamegandia chini, makavu, nikakaa nayo mkononi muda mrefu nikalia. Sikukwambia.

Usiku silali, basi nikamwambia mdogo wako anielekeze namna ya kutafuta wachezaji waloenda Ulaya wakarudishwa. Ndo nikakutana na huyu Teerasil Dangda, kwao wanamwita Mui. Mzaliwa wa 1988, straika kama wewe. Mwaka 2007 ana miaka 19 kasajiliwa na Manchester City, yeye na Wathailand wenzie wawili, Suree Sukha na Kiatprawut Saiwaew. Wakati huo mwenye timu alikuwa Thaksin Shinawatra, aliyekuwa waziri mkuu wa kwao, sasa wapo waliosema hao vijana wamesajiliwa biashara tu, ili Wathailand wapende timu. Hebu fikiria mtoto wa miaka 19 anasikia hayo.

Na kucheza hakucheza. Kibali cha kazi Uingereza hakikupatikana, maana kule wanaangalia timu yako ya taifa iko nafasi ya ngapi duniani, na Thailand ilikuwa chini. Miguu yake haikuulizwa! Hapo niliposoma nikakukumbuka wewe ulivyonambia "mama hawakuniangalia hata dakika ishirini." Akapelekwa Uswisi kwa Grasshopper, huko nako akawa na timu ya vijana, na 2008 City wakamwacha. Akarudi kwao bila dakika moja ya ligi ya Uingereza.

Sasa sikiliza hapa. Disemba hiyo hiyo 2008 kulikuwa na kombe la nchi za Kusini Mashariki mwa Asia, akaitwa timu ya taifa, akatupia mabao manne akawa mmoja wa wafungaji bora. Fainali ya marudiano Hanoi na Vietnam, yeye ndo aliyetangulia kufunga, halafu dakika za majeruhi Vietnam wakasawazisha kwa kichwa na kombe likaondoka, maana mechi ya kwanza walishashinda wao. Yaani kaachwa na timu, kakosa na kombe, mwaka mmoja. Mwaka uliofuata yupo Muangthong United, ligi ya nyumbani kabisa, wakachukua ubingwa 2009, wakachukua 2010, na 2012 wakachukua bila kufungwa hata mechi moja na yeye ana mabao 24, mfungaji bora pamoja na Cleiton Silva. Ligi ya nyumbani mwanangu, hiyo hiyo unayosema ukiicheza watu watakucheka.

Ulaya alirudi tena, 2014, Almería ya Hispania kwa mkopo, akawa Mthailand wa kwanza kucheza La Liga. Sitaki nikudanganye kwamba huko mambo yalinyooka, hayakunyooka, mechi zilikuwa chache na nyingi akitokea benchi, bao alipata kwenye kombe la mfalme dhidi ya Betis, na mapema 2015 kesharudi Muangthong. Na kibaya zaidi ile miezi yupo Hispania wenzake wakabeba kombe la Kusini Mashariki bila yeye. Hapo mi niliumia kama ni mwanangu kwakweli.

Ila 2016 ndo nimeirudia kuisoma mara nyingi. Novemba wanacheza na Australia pale Rajamangala, Bangkok, kufuzu Kombe la Dunia, nchi nzima ipo kwenye msiba, mfalme wao kafariki mwezi uliotangulia, Australia mabingwa wa Asia, mechi ikaisha 2-2 na mabao yote mawili ya Thailand ni yake. Mwezi uliofuata ikawa fainali ya lile kombe la Kusini Mashariki, na Indonesia. Mechi ya kwanza wamefungwa 2-1, hilo bao moja kafunga yeye. Marudiano wanaongoza 2-0, mwishoni wanapata penati, anapiga yeye, kipa anaiokoa. Mbele ya watu wote wale. Na dakika chache baadae kombe ni lao na yeye ndo mfungaji bora wa mashindano, mabao sita.

2018 akaenda Japani, Sanfrecce Hiroshima, mechi yake ya kwanza ya ligi akafunga, wakashinda 1-0. Na lile kombe la Kusini Mashariki la 2022, ana miaka 34, mabao sita tena, fainali Januari 2023 wakawafunga hao hao Vietnam. Timu ya taifa ana mabao zaidi ya 60, kati ya wachache wanaomzidi yupo Kiatisuk Senamuang, ambaye ndo alikuwa kocha wake ile 2016.

Mdogo wako yeye kilichomfurahisha ni kwamba Teerasil ana mdogo wake wa kike, Taneekarn, naye straika, kaenda Kombe la Dunia la wanawake Ufaransa 2019. Toka jana anapiga danadana uani kuku hawana raha.

Kuhusu ile hela ya kikoba, najua ndo inayokufanya usile na mimi. Ile niliikopa mimi, nimebakiza marejesho ya miezi minne na genge linatoa, usiibebe wewe. Yule wakala simdai kitu na wewe usimpigie tena simu.

Kocha wako wa zamani kapita gengeni juzi kununua nyanya. Kauliza tu, "karudi?" Nikasema karudi. Akasema jumamosi saa kumi wapo uwanjani, straika wao kavunjika mkono.

Njumu nimezipiga brashi, zipo juu ya bati zinakauka. Yale majani sijayatupa, nimeyafunga kwenye karatasi, yapo kabatini kwangu.

Mama