Wadhamini, kalenda na umoja wetu

Ndugu wanachama, habari za jioni.

Nimesoma maoni yenu yote kuhusu kwa nini wadhamini hawatupi fedha. Kwa mtazamo wangu, mbio za boti za injini baharini hazikosi fedha kwa kukosa mvuto. Tumegawanyika mno. Kila mwandaaji ana kalenda yake, madaraja yake ya boti na bingwa wake. Mdhamini akiuliza bingwa ni nani, tumjibuje? Mbio za Miami hadi Nassau zilianza 1956, Cowes hadi Torquay kule Uingereza 1961, na UIM, shirikisho la kimataifa la mbio za boti za injini, ipo tangu 1922. Mchezo wa umri huu unastahili jibu moja.

Tuanze na usalama, maana hapo hatubishani. Stefano Casiraghi, dereva wa mbio hizi, alifariki kwa ajali Monaco mwaka 1990 akitetea ubingwa wake wa dunia. Kanuni za ukaguzi wa boti na waokoaji ziwe zilezile kila mahali.

Kuhusu kutangaza: aliye ufukweni huona povu tu kwa mbali. Tumwingize ndani ya boti. Kamera moja imulike mkono wa anayeshika mafuta, yaani mwenzake dereva anayedhibiti kasi ya injini: boti inaruka wimbi, anapunguza kabla rafadha (mapanga yanayosukuma boti) hazijazunguka bure hewani, boti inagusa maji, anaongeza tena, huku dereva hajaachia usukani. Sekunde kumi za hapo (nimeshuhudia) humshika mtu kuliko barua ndefu ya maombi.

Waandaaji, naomba tarehe zenu na kanuni za madaraja kabla ya Ijumaa, hata kama hazijakamilika. Zikigongana, nitawapigia mmoja mmoja tuzipange upya.