Chupa za mafuta ya mimea ya kuku ziandikwe kilichomo ndani

Mhariri naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lenu, mi ni mfugaji wa broila hapa Ipuli, Tabora, sio mkubwa, huwa naingiza vifaranga 200 mpaka 300, na hili ninaloandika limeniuma ndo maana nimeshika simu usiku huu.

Siku hizi ukienda duka la dawa za mifugo kuomba kitu cha tumbo la kuku unapewa chupa ina picha ya majani, unaambiwa haya mafuta ya mimea, asilia, hayana madhara. Mi nilifurahi kwa kweli, maana tumezoea vibaya, kuku wazima hawana hata mafua tunawawekea antibayotiki kwenye maji kila wiki eti kinga, halafu wiki ya tano tunauza dawa ikiwa bado mwilini na watoto wa watu wanakula ile nyama. Ulaya walishapiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo tangu tarehe 1 Januari 2006, Sweden walitangulia 1986 huko, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 lilisema tuache kuwapa wanyama wasioumwa. Kwa hiyo mafuta haya sio ya kubeza, ni moja ya vitu ambavyo wafugaji wa huko walivigeukia baada ya katazo.

Nikanunua. Chupa imeandikwa kifuniko kimoja kwa lita 10, basi, hakuna kingine. Ilikuwa mwezi wa kumi na joto la Tabora mnalijua, nikachanganya asubuhi, kurudi nakuta mafuta yameelea juu ya maji, waliowahi wamekunywa makali yote, wengine wamesikia ile harufu wakagoma, sasa kuku wa wiki tatu agome maji mwezi wa kumi chini ya bati! Mpaka jioni niliokota 11. Wiki hiyo hiyo ikaingia kuhara damu, na dawa ya koksi, yaani ya vimelea vya utumbo vinavyoleta huko kuhara damu, nilikuwa nimeacha kwa sababu muuzaji aliniambia mafuta yanatosha. Jumla nilipoteza 64.

Afisa mifugo wetu alipokuja ndo akanielewesha mambo ambayo yalitakiwa yawe kwenye lebo. Kwamba kinachofanya kazi ni kemikali zilizomo kwenye mmea wenyewe, kavakroli na thaimoli za oregano (mmea wa kiungo wenye majani ya harufu kali), yujenoli ya karafuu, zinaharibu utando wa bakteria mpaka vya ndani vinavuja, hivyo zinasaidia kupunguza wale wanaoozesha utumbo. Ila oregano ya shamba hili na la pale hazilingani nguvu, inategemea aina, udongo, hata muda wa kuvuna, kwa hiyo neno "oregano" peke yake halikuambii kitu. Tena mafuta haya yanaruka na joto, na yakimezwa hivi hivi mengi yananyonywa mapema kabla hayajafika chini kwenye utumbo ambako bakteria wapo, ndo maana viwanda makini vinayafungia kwenye vichembe vya mafuta magumu na kuyachanganya kwenye chakula. Kipimo chenyewe ni kidogo mno, mara nyingi gramu 100 mpaka 200 kwa tani nzima, yaani gramu 5 mpaka 10 kwenye mfuko wa kilo 50, sasa mtu ukikadiria kwa kifuniko si unaua?

Na hayachukui nafasi ya chanjo ya kideri wala banda kavu. Maranda yakilowa chini ya vinyweshea koksi inakuja tu.

Sipingi mitishamba mhariri, mama yangu kule Urambo alikuwa anatandika kivumbasi kwenye viota ili kufukuza viroboto na mi bado nafanya hivyo. Na karafuu ni yetu, inalimwa Pemba, mafuta yake sehemu kubwa ni yujenoli, inaniuma kuona tunauziwa chupa za picha ya majani wakati tungeweza kutengeneza kitu kilichopimwa hapa hapa nyumbani.

Ninachoomba ni kwamba wanaosimamia vyakula na dawa za mifugo wasiruhusu chupa yoyote ya hivi iuzwe bila kuandikwa kiasi cha hiyo kavakroli au yujenoli, kama ni ya maji au ya chakula, kipimo kwa gramu, na tarehe ya mwisho. Wauzaji nao waache kumwambia mtu aache dawa ya koksi. Na nyie kama mna mwandishi wa kilimo mtumeni apite madukani hapa Tabora mjini aulize kila chupa ina nini ndani, majibu atakayopewa myachapishe.

Mfugaji, Ipuli, Tabora