Risala ya klabu ya utafiti wa maji kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, mheshimiwa diwani, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, shikamoni. Karibu sana Muleba, barabara ya kuja huku Ziwa Victoria umeiona mwenyewe kwahiyo hatutakuchosha na historia.

Klabu ilianza na wanafunzi wachache na mwalimu wa baiolojia, na leo tunasema bila kujisifu kuwa sisi ndo watafiti wakubwa wa maji kata nzima (klabu nyingine hakuna). Tuna daftari, tuna chandarua cha kukamatia wadudu wa majini, tuna kipimajoto. Miti pia tulipanda, mingi imeshika.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mheshimiwa, mafuta ghafi ya Uganda ya kule Ziwa Albert njia yake kwenda Tanga ni bomba la kilomita 1,443, kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania, linaingilia mkoa wetu na linavuka Mto Kagera ambao maji yake yanaishia humuhumu ziwani. Mradi hatuupingi, ajira tunazitaka. Ila mafuta yakiingia majini hata kidogo hayaanzi kuua sangara mkubwa, yanaanza na mayai, vifaranga vinatoka na moyo mbovu au mgongo umepinda, na mengine yanatuama kwenye tope wanakoishi konokono na mabuu ya wadudu ambao ndo chakula cha furu, wale samaki wadogo wa humu ziwani. Sasa siku sato wakipungua nani atajua ni mafuta, au nyavu za matundu madogo, au magugu maji? Atajua yule aliyepima kabla. Kule Ogoni, Nigeria, uchimbaji ulisimama 1993 yakabaki mabomba tu yanapita, lakini ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2011 ilikuta visima vya sehemu moja vina benzini, kemikali ya sumu inayotoka kwenye mafuta, zaidi ya mara 900 ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO), na watu walikuwa wanakunywa.

Ndo maana tunaomba kifaa cha mkononi cha kupimia maji, kile kinachosoma oksijeni, chumvi na tindikali papo hapo. Tunaomba na chupa za glasi za rangi ya kahawia, sio za plastiki maana mafuta yananata kwenye plastiki na majibu yanadanganya, pamoja na gharama za kupeleka sampuli maabara Mwanza.

Mheshimiwa, kwa heshima zote, ombi hili sio geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alisema hilo dogo, niachieni mimi, tukapiga makofi sana. Wa mwaka jana alituongezea na boti ambayo hata hatukuomba, tukapiga makofi zaidi. Picha za wote wawili zipo ofisini zimewekwa fremu nzuri, kifaa hakipo na boti haipo. Hatusemi kwa ubaya, tunajua viongozi mna mambo mengi, na wewe tunaamini ni tofauti.

Mwalimu mlezi ana karatasi hapo mezani, imeandikwa ombi na chini kuna nafasi ya jina, sahihi na tarehe ya kuleta. Kalamu ipo. Tunaomba ujaze kabla ya chakula.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Katibu wa klabu, kwa niaba ya wanachama