Ea klina za koni na maji ya masika

Mhariri,

Vijana wanaobadilisha ea klina (filta za kuchuja hewa iingiayo kwenye injini) za gari za spoti majumbani wasikilize. Filta yenye umbo la koni ikiachwa wazi karibu na injini huvuta hewa ya moto, ambayo ni nyepesi, na nguvu hupungua badala ya kuongezeka. Ikingeni kwa bati. Bomba jipya la kupitisha hewa kutoka kwenye filta lisibadilishe kipenyo pale inapokaa sensa ya kupima hewa, la sivyo kompyuta ya gari itakosea kipimo cha petroli. Filta ya kupakwa mafuta ipakwe kidogo mno; yakizidi huchafua sensa hiyo.

La hatari zaidi ni kuiteremsha filta chini, nyuma ya bampa, ili ivute hewa baridi. Masika barabara zetu hujaa maji, na injini ikiyavuta, konrodi (vyuma vinavyoshika pistoni) hupinda.

Msomaji,
Mwanakwerekwe, Unguja