Kabla hujatuma fedha za Harrier

Ndugu yangu Yohana,

Salamu nyingi kutoka Dar es Salaam. Sisi hatujambo, na mama Neema anakusalimu sana. Habari kwamba unajiandaa kutuma fedha Japani ili ununue Toyota Harrier ya mwaka 2008 imenitia wasiwasi, ndiyo maana nakuandikia.

Bei uliyoonyeshwa inavutia kweli, lakini hiyo ni bei ya gari likiwa bado Japani. Hilo ni toleo la pili, lile ambalo mjini wanaliita tako la nyani, na injini yake ya cc 2,362 inaliingiza kwenye ushuru wa bidhaa wa asilimia 10. Kwa kuwa limezidi miaka 10, litatozwa pia asilimia 30 ya uchakavu, mbali na ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Toleo la tatu, lililotoka mwishoni mwa mwaka 2013, aghalabu lina injini ya cc 1,986, ambayo ushuru wake wa bidhaa ni asilimia 5; ukipata la miaka ya mwishomwisho ambalo halijafikisha miaka 10, uchakavu nao unapungua.

Sikukatazi Harrier. Tangu mwaka 1997 imekuwa gari la mtu anayetaka kukaa juu kidogo na bado aendeshe kwa utulivu wa gari dogo, na hapa kwetu ukitaka kuiuza hukai nayo muda mrefu kama baadhi ya magari ya daraja lake. Ila tambua kwamba toleo la tatu lilitengenezwa hasa kwa soko la Japani: taa ya mbele ikivunjika, utaitafuta kwa bei kali, ingawa vifaa vyake vingi vya chini ni ndugu wa RAV4. Halina chasisi ya fremu kama Prado, kwa hiyo mashimo ya njia ya kwenda shambani kwa mzee wakati wa masika yatalichosha.

Narudi kwenye ushuru, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama gari likiwa tayari bandarini. Je, umepiga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA, Mamlaka ya Mapato? Umeiona karatasi ya mnada, ile inayoeleza hali ya gari, na daraja lake si R? R maana yake gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Linavuta kwa magurudumu manne au mawili? Shemeji anasemaje? Na unaweza kunisubiri mpaka Jumamosi tuzipitie hizo karatasi pamoja?

Wako,
Daudi